Hakuna Aliyetangaza Maslahi

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa karani katika hospitali ndogo ya umma, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini Kakamega. Kazi yangu ni faili, barua na kumbukumbu za mikutano. Kamati ya hospitali ikikaa, mimi huketi kwenye kona ya meza na kompyuta yangu, naandika waliyoyasema. Sipigi kura, wala sitoi maoni. Nikimaliza napeleka kumbukumbu zitiwe sahihi, kisha nazifungia kabatini.

Ajenda ya kwanza ni maombi. Ya pili ni kutangaza maslahi. Mwenyekiti wetu, mchungaji aliyestaafu, huuliza kama kuna mjumbe ambaye jambo la siku hiyo linamgusa yeye au jamaa yake kwa namna ya kumfaidi. Watu hutazama makaratasi yao. Mtu hukohoa. Mwenyekiti husema, "Basi tuendelee." Mimi sikuwa na haja ya kuandika kitu hapo, kwa sababu sentensi ilikuwa imeshaandikwa. Niliiandika mwaka wangu wa kwanza, nikaiacha kwenye karatasi ya mfano ninayoitumia kila mkutano, na tangu hapo ikawa inafika kabla ya wajumbe wenyewe: Hakuna mjumbe aliyetangaza maslahi yoyote.

Daktari wetu wa magonjwa ya akina mama alikuwa mjumbe. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, kulikuwa na kituo cha kupiga picha za tumbo, jengo safi lenye lango la kijani. Kilikuwa chake. Kwenye karatasi kilikuwa cha mkewe, lakini mabawabu, wauguzi, watu wa bodaboda na mama wauza ndizi wote walikiita "kwa daktari." Mgonjwa akiuliza njia alionyeshwa kwa kidole tu.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Madaktari wengine waliletwa kwetu wakakaa miezi michache, wakahamia Nairobi au nje ya nchi. Yeye alibaki. Nimemwona akimpasua mama siku ya Krismasi, kisha akala ugali baridi amesimama jikoni kwa wauguzi. Alikuwa anajua majina ya watoto wetu. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kwangu, na bado ni vigumu, kulieleza jambo hili bila kuona kwamba namsaliti mtu.

Mashine yetu ya kupiga picha ilianza kuharibika wakati wa mvua. Kile kichwa chake kinachopakwa mafuta na kupitishwa tumboni kilitoa picha yenye mistari myeusi, kisha siku moja hakikutoa picha kabisa. Jambo likaja kwenye kamati. Daktari ndiye aliyeulizwa, kwa sababu ndiye aliyeijua mashine.

"Ushauri wangu ni tusiitengeneze," alisema. "Imezeeka. Tukibadilisha kichwa leo, kesho kitakufa kitu kingine. Tuombe mpya, tuvumilie."

"Na wagonjwa?" matroni aliuliza.

"Wataenda nje kwa muda."

Hakuna aliyeuliza nje wapi. Matroni alitazama dirishani, na kutoka dirisha lile lango la kijani lilionekana vizuri. Nikaandika: Kamati iliafiki ushauri wa kitaalamu. Labda ushauri wenyewe ulikuwa wa haki. Mpaka leo sijui. Mashine kweli ilikuwa imezeeka.

Mwezi uliofuata wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuja kutoka Malinya. Mdogo wangu anafanya kazi mbali na hurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo shamba na watoto ni juu yake. Alikuwa amevimba tumbo. Huko Malinya majirani walikuwa wamekwisha kuhesabu miezi na kunong'onezana kuhusu mimba ambayo mume hakuwepo kuitia. Alinionyesha chumbani kwangu, akainua blauzi, akaniambia, "Wifi, mimi sina mimba. Hiki kitu ni kigumu kama jiwe."

Asubuhi yake nikampeleka kazini. Mhudumu wa kliniki alimpapasa, akamwandikia karatasi ya kupigwa picha. Tukasimama kwenye ujia, mimi nikiwaza pa kuanzia. Daktari akapita, koti lake mkononi.

"Katibu, mbona umesimama hapa?" Aliniita katibu siku zote, ijapokuwa mimi ni karani.

"Ni wifi yangu, daktari. Ameandikiwa picha."

Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akamtazama wifi tumboni. "Mvushe ng'ambo sasa hivi. Waambie nimesema mimi. Asitoe kitu."

Nikamshukuru sana. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Kwenye benchi palepale alikuwa ameketi mama mwingine, wa umri wetu, mwembamba wa mikono, mwenye leso iliyofungwa juu ya tumbo kubwa. Alikuwa na karatasi kama yetu. Alikuwa ameyasikia mazungumzo yote, maana ujia wetu ni mwembamba. Aliniuliza kwa upole, "Madam, na sisi tutapigiwa wapi?"

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia. "Watakuelekeza."

Kisha nikamshika wifi mkono, tukavuka barabara.

Walimkuta na uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Hazikupita wiki mbili daktari mwenyewe akamfanyia upasuaji katika hospitali kubwa zaidi. Uvimbe ukatoka mzima, haukuwa umesambaa. Wifi akaja kwangu kupona. Nililala na binti yangu, nikampa yeye kitanda changu. Nikirudi jioni nilimkuta ameketi kwenye kiti cha nje akichambua mboga, na nilikuwa nafurahi jinsi mtu anavyofurahi akijua kwamba kifo kilipita karibu na kikamkosa mtu wake.

Mkutano uliofuata, mwenyekiti akafika kwenye ajenda ya pili, akauliza swali lake. Mambo ya siku hiyo yalikuwa mawili, usafi wa vyoo na mashine. Nikajiambia kwamba mimi si mjumbe. Swali lile ni la wajumbe. Sentensi ilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, imetulia. Daktari alisema ombi la mashine mpya limepelekwa, tungoje majibu, na si busara kutengeneza ya zamani wakati mpya iko njiani. Wakaafiki. Nikaandika kwamba wameafiki.

Yule mama wa benchi alikuwa ameelekezwa, kama nilivyomwahidi. Aliambiwa avuke barabara au angoje mashine. Hakuwa na uwezo wa kuvuka, akachagua kungoja. Alikuwa wa upande wa Navakholo. Alikuja na mumewe kila Jumanne, siku ya kliniki ya akina mama, kwa pikipiki ya jirani, na miguu yao ilifika kwetu imepakaa vumbi jekundu mpaka magotini. Nilipopita na faili zangu aliniuliza neno moja.

"Bado, madam?"

"Bado, mama."

Alikuwa hanikasirikii. Hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana. Jumanne moja niliona amebadilika rangi, macho yameingia ndani, leso imefungwa juu zaidi. Nikaweka faili chini, nikaenda mpaka mlango wa daktari. Nilikuwa na maneno tayari. Nilitaka kumwambia, daktari, kuna mama mwingine, ni kama wifi yangu, naomba naye umsaidie. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa anaandika. Nikaona haya. Mtu amekwisha kukutendea jambo kubwa namna ile, unarudi vipi kumwomba tena, tena kwa mtu usiyemjua hata jina? Nikageuka. Nilirudi kwa njia ya nyuma, kwenye maabara, ili nisipite mbele ya lile benchi.

Kuna wiki mbili hawakuja. Ya tatu alikuja mume peke yake, na haikuwa Jumanne.

Ni mkulima wa miwa, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo. Nilimpa kiti, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho cha kumpa. Alitoa mfukoni karatasi mbili za daftari la shule zilizokunjwa.

"Nimeandika malalamiko," alisema. "Sijui kama nimeandika vizuri. Mtoto ndiye amenisaidia."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Tulizika Jumamosi." Akakunjua karatasi, akazinyoosha juu ya goti. "Sisi tulikuwa tunakujanga kila Jumanne. Tukiulizanga, tunaambiwa ngojeni. Tukangoja. Mwisho shemeji zangu wakachanga, tukampeleka Kakamega mjini. Kule wakasema ugonjwa umefika kwa maini. Wakasema, mlikuwa wapi? Sasa mimi nilitaka kuuliza tu. Tulikuwa wapi?"

Niliisoma barua. Haikumlaumu mtu kwa jina. Ilisema kwamba mke wake aliambiwa angoje, na kwamba siku ya kwanza kabisa waliona mgonjwa mwingine akivushwa barabara, na wangependa kujua huyo alitumia njia gani. Maneno hayo yaliandikwa kwa mwandiko wa mtoto, herufi kubwa za duara. Hakujua kwamba yule aliyemvusha mgonjwa ni mimi. Mkewe ndiye aliyeniona siku hiyo, yeye alikuwa nje akiongea na mwenye pikipiki.

Nikaigonga muhuri wa kupokelewa. Muhuri ukatoka mara mbili.

Kamati ikateua watu wanne kuchunguza. Daktari hakuwamo, na mwenyekiti alilisema hilo kwa sauti, kana kwamba limemaliza kila kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza. Binti yake alikuwa mpokezi wa wagonjwa katika lile jengo la lango la kijani. Mjumbe wa pili alikuwa anauzia hospitali maziwa, wa tatu alikuwa shemeji ya matroni. Wa nne alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana mwaminifu, lakini alikuwa mgeni na hakujua nani ni nani. Mwenyekiti akauliza swali la ajenda ya pili. Wakatazama makaratasi yao.

Mzee aliitwa, akaketi mbele yao, kofia mapajani.

"Mzee, tunakupa pole," mwenyekiti alianza. "Sasa tusaidie. Hapa hospitali, mke wako alinyimwa matibabu?"

"Hakunyimwa. Aliambiwa angoje."

"Kwa hiyo hakunyimwa."

Mzee alifikiri. "Hapana," akasema. "Hakunyimwa."

"Alielekezwa mahali pengine pa kupigwa picha?"

"Alielekezwa ng'ambo. Lakini hatukuwa na uwezo."

"Tunaelewa. Lakini alielekezwa."

"Ndiyo."

Mwalimu akauliza jambo ambalo wengine hawakuliuliza: kwa nini mashine haikutengenezwa miezi yote hiyo, na ni nani aliyeshauri hivyo. Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, tusomee kumbukumbu."

Nikafungua faili. Nilisoma kikao baada ya kikao, na kila kikao kilianza na ile sentensi yangu. Hakuna mjumbe aliyetangaza maslahi yoyote. Kamati iliafiki ushauri wa kitaalamu. Nilipokuwa nasoma nilisikia jinsi maneno hayo yalivyosikika vizuri. Kiswahili chake kilikuwa safi. Mtu yeyote angeyasikiliza maneno yale angejua kwamba hapa watu wamekaa, wakaulizana kwa uwazi, wakaamua kwa haki. Mwalimu alikuwa anaandika. Nilipomaliza, akafunga kalamu yake.

"Basi imeeleweka," alisema.

Mwenyekiti akamwambia mzee, "Umesikia mwenyewe."

Ningeweza kusema hapo. Mara nyingi nimerudi kwenye chumba kile, nikajiketisha kwenye kona ya meza, nikajaribu kusema. Ningesema nini? Kwamba daktari ana kituo? Wote walijua. Kwamba yule mgonjwa aliyevushwa ni wa kwangu? Hapo mzee angegeuza shingo anitazame, na wifi alikuwa nyumbani amepona, anakula, anacheka na binti yangu. Kila neno ambalo ningelisema dhidi ya daktari lingekuwa limetoka kwa mtu aliyeula wema wake. Nikafunga faili. Mzee aliaga kila mtu kwa mkono, na mimi pia.

Ripoti ilisema familia ipewe pole rasmi kwa maandishi, na wafanyakazi wapewe mafunzo. Barua ya pole niliichapa mimi.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa, siku moja, pamoja na soda na mkate. Mwezeshaji alikuja kutoka mbali, mwanamke mchangamfu mwenye kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye kola. Alieleza vizuri. Alisema mgongano wa maslahi si wizi, ni pale mtu anapokuwa na mizigo miwili begani na mmoja unamvuta upande. Alisema zawadi pia ni maslahi, na shukrani pia, na udugu. Aliposema shukrani niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Daktari alikuwa safu ya mbele. Alikuwa anasikiliza kwa makini kabisa, na aliuliza maswali mazuri.

Mwishoni tukagawiwa fomu za kutangaza maslahi, kila mfanyakazi yake. Nilikaa na yangu siku tatu. Siku ya nne, saa ya chakula, nilifunga mlango wa ofisi nikaijaza. Niliandika kwamba jamaa yangu alihudumiwa bila malipo na mjumbe wa kamati katika kituo chake binafsi, na kwamba niliendelea kuandika kumbukumbu za vikao vilivyohusu mashine bila kulisema hilo. Niliandika kwamba mgonjwa mwingine aliyekuwa naye siku hiyo alifariki. Nikatia sahihi, nikaipeleka kwa msimamizi wa hospitali.

Kesho yake akaniita. Ni mtu mpole, tunasali kanisa moja.

"Mama, funga mlango," alisema. Fomu yangu ilikuwa mezani. "Hii uliijaza wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

"Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Akavua miwani. "Hizi fomu ni za watu wenye makampuni, wenye zabuni. Yako ni mambo ya nyumbani. Mtu amemsaidia ndugu yako, basi. Ukiiweka hii kwenye faili itasomwa na watu wasiokujua. Daktari ataondoka kesho, tutabaki na nani wa kuwapasua hawa kina mama? Na wewe umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Minne." Akavuta droo, akatoa fomu nyingine, nyeupe, akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu. "Andika polepole. Sina haraka."

Nilimtazama. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananionea huruma, na swali lake kuhusu daktari lilikuwa la kweli. Kwenye nafasi ya kwanza nikaandika Hakuna. Kwenye ya pili, Hakuna. Kwenye ya tatu, Hakuna. Ile ya kwanza aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti lake. Sijui aliipeleka wapi.

Jioni ile nilimweleza wifi kila kitu. Sikuwa nimewahi kumwambia. Alikuwa anakoroga uji, akaendelea kukoroga mpaka nilipomaliza.

"Yule aliyekuwa na leso ya zambarau?" aliuliza.

"Unamkumbuka?"

"Alinipisha nipite." Akaepua sufuria, akaiweka chini, akafuta mikono. "Sasa unataka nifanye nini, wifi? Niende Navakholo nikaombe msamaha kwa sababu nimepona?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Lakini tangu mzee alete barua unaniangalianga kama mtu aliyekula kitu cha wenyewe. Nilidhani nimekuchosha."

Nilijaribu kumweleza kwamba sikumlaumu yeye. Sikupata maneno, au nilipata lakini hayakuwa ya kweli yote. Siku mbili baadaye alifunga vitu vyake, akasema watoto wamekaa sana bila mtu na mahindi ya Malinya yanataka palizi. Hatukugombana. Huwa tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana hali, tunasema ni sawa.

Mashine mpya haikuja. Ile ya zamani ilisukumwa stoo, ikafunikwa shuka. Mwaka huu kamati iliamua kwamba kwa kuwa wagonjwa wanapata taabu, hospitali iwe na makubaliano rasmi na kituo cha karibu. Kituo cha karibu ni kimoja. Daktari alitoka nje ya chumba wakati wa kujadili, kama tulivyofundishwa, akasimama kwenye ujia akipiga simu mpaka alipoitwa arudi. Kwa mara ya kwanza nililazimika kuibadilisha ile sentensi. Niliandika kwamba mjumbe mmoja alitangaza maslahi na akajitoa. Wengine wote waliafiki.

Wiki jana nilimwona yule mzee wa Navakholo langoni. Alikuwa na mama yake, kikongwe aliyejikunja kwa maumivu, amemshika kiunoni. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Mulembe, madam. Wewe ndiye ulinipatianga kiti." Akaniamkua kwa furaha ya kweli. "Mama analalamika tumbo wiki ya pili sasa. Wamemwandikia picha. Wewe ni mtu wa hapa, niambie ukweli. Tungoje, ama?"

Nilimtazama yule kikongwe, nikatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwanawe.

"Usingoje, mzee," nikamwambia. "Mvushe ng'ambo. Leo hii."

"Ng'ambo kule?"

"Kule. Lango la kijani."

Alinishukuru, akaniombea baraka mimi na nyumba yangu. Kisha akamgeuza mama yake polepole, wakasubiri lori la miwa lipite, wakavuka.